Mdomo Uliojaa Pini

Shangazi alilikunjua bango juu ya meza ya kukatia vitambaa, akalinyoosha kwa viganja viwili kama anavyonyoosha kitambaa cha mteja, kisha akaweka mkasi pembe hii na pasi pembe ile lisijikunje tena.

Msichana aliyekuwa kwenye cherehani aliacha kukanyaga. Alijua ni nini hata kabla hajaliona lote.

Lilikuwa bango la bendi. Vijana watatu wenye nyuso za ukali wa kujitakia, na katikati yao mtu mwembamba aliyevaa barakoa ya kijani iliyofunika kichwa kizima, ikabakiza matundu ya macho na mdomo. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, kama wa mtu anayeng'olewa jino. Juu yake, kwa herufi zilizopinda: CHAFYA. Chini: Jumapili, saa tisa alasiri, ukumbi mkubwa.

Jumapili ndiyo ilikuwa leo.

"Nimelibandua ukutani, mkabala na duka la nyuzi," Shangazi alisema mwishowe. "Gundi ilikuwa mbichi bado. Nimelibandua taratibu lisichanike. Unajua kwa nini?"

"Sijui, Shangazi."

"Kwa sababu kitambaa changu huwa sikichani ovyo."

Kidole chake, kile chenye sugu ya sindano, kilitua kwenye barakoa.

"Kijani hiki ni cha sare za shule. Ni vile vipande nilivyokuambia uvihifadhi, nitavitoa mifuko. Haya, na pindo hili la jicho. Limepindwa mara mbili, uzi ukarudishwa nyuma. Nani amekufundisha kupinda hivyo?"

"Wewe, Shangazi."

"Na mji mzima huu, nani mwingine anapinda hivyo?"

"Hakuna."

"Hakuna," Shangazi aliitikia. Akavuta stuli, akakaa. "Sasa nieleze taratibu, maana mimi ni mtu mzima na moyo wangu umeshapita dukani na kurudi. Wewe, ambaye mteja akikusalimu unajibu kama mbu, ndiye unayepiga mayowe mbele za watu?"

Msichana aliinamisha kichwa. Ndani ya bendi walimwita Kimya, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kushona. Alitikisa kichwa kukubali, basi.

"Na mnaimba nini?"

"Panki, Shangazi. Ile kali. Ya haraka."

"Nimeisikia. Mteja wangu ana kijana wake, juzi karudi kutoka huko na jino lake mkononi. Jino mkononi, na anacheka! Watu wanarukiana, wanakanyagana, halafu wanasema wameburudika." Akaitazama tena ile karatasi kubwa. "Na huyu aliyekaa nyuma, mwenye fimbo mbili? Mbona amefumba macho? Analala?"

"Ndivyo anavyopiga dramu. Anafumba macho. Ni fundi seremala."

"Fundi seremala yupi?"

"Aliyetutengenezea stuli hiyo."

Shangazi aliinuka kama stuli imemuuma. Akaigeukia, akaikagua miguu yake mmoja mmoja, akaisukuma pembeni kwa ncha ya kiatu. Hakukaa tena.

"Anakupenda?"

Kimya alitazama sindano ya cherehani.

"Nimekuuliza, anakupenda?"

"Hajasema."

"Na wewe?"

Hapo ndipo uso ulipomuwaka moto mpaka masikioni. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Basi umeshajibu," alisema Shangazi, na sauti yake ikashuka. "Sikiliza, mwanangu. Mama yako alipokuacha mikononi mwangu hukuwa na nguvu hata ya kulia. Watoto wa wenzangu walilia mpaka majirani wakanung'unika. Wewe ulikuwa kimya tu. Nilikuwa nakuja kukuwekea mkono puani, hivi, nijue kama bado unapumua. Nimekulea kwa mkono huu puani. Leo niende kukuokota kwenye sakafu ya ukumbi, umekanyagwa na watu wanaocheka? Hutoki. Na ukitoka..."

"Hodi humu ndani!"

Mteja alikuwa mlangoni, mama mmoja mnene mwenye furaha, amekuja kujaribu gauni la harusi ya mdogo wake. Shangazi alilifunika bango kwa kitambaa upesi, akavaa tabasamu la kazi. Futi ya kupimia, ile ya manjano, akaitupia shingoni.

"Karibu, karibu! Nilikuwa nakusubiri. Simama hapa kwenye mwanga."

Akapiga magoti kwenye pindo la gauni na, kama kawaida yake, akajaza pini mdomoni. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: pini midomoni, moja moja zikitoka na kuingia kwenye kitambaa. Na sheria aliyomfundisha Kimya tangu utotoni ilikuwa moja: mwenye pini mdomoni haongei, hacheki, hashtuki. Ukishtuka, umemeza.

Kimya alisimama. Alipiga hatua mpaka kwenye kikapu cha vipande, akapenyeza mkono hadi chini kabisa, akaitoa barakoa. Shangazi aliinua macho. Mteja alikuwa akieleza jinsi shemeji yake mtarajiwa alivyo mrefu, wala hakuona chochote.

Macho ya Shangazi yalisema yote ambayo mdomo haukuweza. Yalisema usithubutu. Yalisema rudi hapa. Halafu, na hilo ndilo lililomchoma Kimya zaidi, yalisema tafadhali.

Akapita mlangoni. Hakukimbia. Alijua akikimbia, Shangazi atashtuka.

*

Stoo ya nyuma ya ukumbi ilinuka vumbi na rangi ya zamani. Viti vibovu vilipangwa mpaka darini. Kupitia ukutani, Kimya alisikia watu wakiingia, mvumo mmoja usiokwisha, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Alikuwa amekaa juu ya sanduku la spika, barakoa magotini. Mlango ulifunguka. Aliruka.

"Ni mimi," alisema Nyundo.

Waliomwita hivyo walikuwa na sababu mbili, kazi yake ya mchana na upigaji wake wa dramu. Alikuwa na maranda ya mbao kwenye nywele kama kawaida. Kimya alitamani sana kuyatoa. Hakuwahi kuthubutu.

"Umewaona?" Nyundo aliuliza, macho yakimeremeta. "Wamejaa mpaka kwenye ngazi! Msumari kachungulia, gitaa limemtoka mkononi. Na Jokofu, kakumbatia besi yake, unajua Jokofu hata nyumba ikiungua anauliza kama chai iko tayari, basi kasema, 'Ni wengi kidogo.' Jokofu!"

Kimya hakucheka.

Nyundo alimtazama vizuri, na kicheko chake kikaisha taratibu. Akachuchumaa mbele yake.

"Kuna nini?"

"Shangazi amejua."

"Nani amemwambia?"

"Pindo." Alimwonyesha barakoa. "Ameona pindo lake."

Nyundo aligusa ule mshono kwa kidole gumba, kama mtu anayegusa kidonda. Fundi hahitaji kuelezwa mara mbili. Yeye mwenyewe angetambua kiungo cha mbao alichokifunga hata kama kimetupwa jalalani.

"Akasemaje?"

"Alisema, 'Hutoki.' Nimetoka akiwa na pini mdomoni." Akaivuta barakoa karibu. "Nimemwacha amepiga magoti, Nyundo. Hakuweza kuniita. Nilijua hawezi kuniita."

Nje, mtu alianza kupiga sakafu kwa miguu, na wengine wakafuata.

Ilianza hivi. Miezi ya nyuma, Kimya alikuwa akipeleka foronya za mito kwenye karakana ya Nyundo, kwa ajili ya viti vilivyoagizwa. Anaziweka mlangoni, anaondoka kama paka. Jioni moja aliwakuta vijana hao wakipiga vyombo katikati ya maranda, haraka kama wanaofukuzwa, na Nyundo kafumba macho. Nyuma yake mlundo wa mbao ulikuwa umeanza kuinama. Hakuna aliyeona. Kimya alifungua mdomo, na kitu kilichotoka hakuwahi kukisikia maishani mwake. Ulikuwa ukelele uliopasua muziki wote. Nyundo alifumbua macho, akaruka, mbao zikaangukia kiti alichokuwa amekalia.

Vumbi lilipotulia, Msumari, mpiga gitaa, alikuwa wa kwanza kusema. Hakuuliza nani kaumia. Aliuliza, "Dada, unaweza kufanya hivyo tena?"

Akaweza. Kwa barakoa tu, lakini akaweza. Aliimba vitu alivyoviogopa, kwa sababu hakuwa na vingine: mlango unaofungwa kwa nje, mbwa wa jirani, kucheka kwa watu wasiomjua. Kila wimbo ulikuwa mfupi kama chafya, ndiyo maana wakajiita hivyo. Mwanzoni waliokuja karakanani walikuwa marafiki, na walikuwa na taratibu zao. Kila neno analopaza Kimya, wao wanalirudisha. Wanasukumana, ndiyo, wanarukiana, lakini mtu akianguka wote wanasimama na kumwinua. Hiyo ndiyo ilikuwa amri kuu. Kisha karakana ikawa ndogo, wakahamia ghala. Ghala likawa dogo. Leo ulikuwa ukumbi mkubwa, na waliojaa humo walikuwa wageni watupu, na Kimya hakujua kama kuna aliyewafundisha amri.

"Leo ndiyo mwisho wangu," alisema.

"Mwisho wa nini?"

"Wa hiki." Akainua barakoa. "Nitaimba leo kwa sababu nimekuahidi. Kisha ninarudi kwa Shangazi kumwomba msamaha."

"Jumanne gari linaondoka. Tumealikwa miji mitatu, Kimya. Mitatu! Jana ulisema utafikiri."

"Nimefikiri."

"Umefikiri, au umeogopa?"

Lilikuwa neno la kuumiza, na alijua mara tu lilipomtoka. Kimya aliinua uso.

"Kwangu mimi ni kitu kimoja," alisema taratibu. "Wewe unafumba macho, unapiga. Unafumba kwa sababu unaamini hakuna baya litakalokupata. Mimi sijawahi kufumba macho. Hata nikilala nasikia nyayo. Unadhani napiga kelele kwa sababu nina ujasiri?"

"Sikumaanisha..."

"Ninaogopa kila kitu, Nyundo. Naogopa watu wale. Naogopa Shangazi. Naogopa hiyo Jumanne."

"Na mimi? Unaniogopa?"

"Wewe zaidi."

Nyundo alirudi nyuma kidogo kama aliyesukumwa. "Mimi? Nimekufanya nini mimi?"

"Hujanifanya kitu." Machozi yalikuwa karibu, akayazuia kwa kuikunja barakoa mapajani. "Wengine wakiniacha, nitalia. Wewe ukiniacha, sitajua pa kwenda kulilia."

Nje miguu ilikuwa imekuwa ngurumo. Vumbi lilidondoka darini, likatua juu ya nywele zao. Nyundo alimtazama kwa muda mrefu, na Kimya, kwa mara ya kwanza, hakuyakimbiza macho yake.

"Kimya," alisema Nyundo kwa sauti ya chini, "niambie neno moja tu. Ukiniambia nenda, nitakwenda. Ukiniambia baki, gari litaondoka na gitaa na besi tu. Lakini nataka nilisikie mdomoni mwako. Siyo kwenye wimbo. Hapa."

Alijua neno lenyewe. Lilikuwa pale, nyuma ya meno, limejaa kama pini. Alifungua midomo.

Mlango ulipigwa teke. "Wanavunja viti!" Msumari alipiga kelele. "Mapenzi baadaye, jamani, kwanza tuokoe roho!"

Kimya alivaa barakoa. Kabla ya kutoka, mkono wake ulikwenda wenyewe, ukatoa kipande kimoja cha maranda kwenye nywele za Nyundo. Akakificha kiganjani na kukimbilia jukwaani.

*

Hakuwahi kuona watu wengi hivyo mahali pamoja. Mwanga wa alasiri uliingia kwa madirisha ya juu, na chini yake vichwa vilichemka kama uji. Wengine walikuwa wamepanda kwenye viegemeo vya viti. Aliposhika maikrofoni waliunguruma.

"Mlango!" alipiga kelele.

"MLANGO!" walirudisha, na sakafu ikaruka.

Jokofu akaingia na besi, Msumari akakwaruza nyuzi, na nyuma yake Nyundo akaanza kupiga, macho yamefumbwa, kwa kasi ile inayomfanya mtu asahau kupumua. Katikati ya ukumbi mduara ulifunguka, watu wakaanza kuzunguka na kugongana. Kijana mmoja alianguka. Kimya aliona mikono miwili ikimvuta juu, lakini waliokuwa nyuma hawakusimama. Waliendelea kusukuma. Kijana alitoka anachechemea.

Hawajui amri, aliwaza.

Wimbo wa pili. Wa tatu. Jasho lilimwingia machoni ndani ya barakoa. Na hapo ndipo alipoona kitu cha manjano mlangoni.

Mara ya kwanza alidhani ni utepe. Kisha watu wakasogea, akakiona vizuri: futi ya kupimia, bado ipo shingoni. Chini ya futi lilikuwa gauni la Shangazi la kazini, limejaa vipande vya nyuzi. Juu ya futi, uso wa Shangazi, umekauka kwa hofu, macho yakimtafuta mtu mmoja kati ya mamia.

Alikuwa ametoka kama alivyo. Huenda alitema pini zote sakafuni, akamwacha mteja na gauni la upande mmoja. Alikuwa akipenya sasa, mkono mbele, akisema kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Bila shaka "naomba nipite, mwanangu, naomba nipite," kama mtu aliye sokoni. Watu walimpisha bila kumwangalia. Wakampisha tena. Wakampisha mpaka kwenye mduara.

Hapana, Kimya aliwaza. Hapana, hapana, siyo huko.

Bega la mtu likampata Shangazi. Akazunguka. Mwingine akamgonga kwa nyuma. Futi ya manjano iliruka juu, ikajikunja hewani mara moja.

Kisha haikuonekana tena.

Kimya aliacha kuimba. Bendi haikuacha, hawakuwa na sababu; mara nyingi alikaa kimya katikati ya wimbo kutafuta pumzi. Aligeuka. Msumari alikuwa ameinamia gitaa. Jokofu anatazama vidole vyake. Nyundo kafumba macho. Mbele, mduara ulikuwa ukizunguka palepale alipoangukia Shangazi, viatu vizito vikipanda na kushuka.

Barakoa ilimziba. Aliishika kidevuni, akavuta. Pindo la Shangazi halikuwa la mchezo, halikuachia. Akaivuta kwa mikono miwili, ikampitia kichwani na kumng'oa nywele, akabaki uso mtupu mbele ya ukumbi mzima.

"Shangazi!" alipiga kelele.

"SHANGAZI!" ukumbi ukarudisha, kwa furaha.

Alishtuka. "Hapana! Shangazi! Shangazi!"

"SHANGAZI! SHANGAZI!"

Walidhani ni wimbo mpya. Mamia ya midomo ilifunguka, ngumi zikapanda juu kwa pamoja, na mduara ukazidi kasi. Kila alivyomwita ndivyo walivyoruka zaidi. Kila walivyoruka ndivyo alivyozidi kumwita. Kimya alielewa, kwa woga ambao hajawahi kuujua, kwamba ni sauti yake mwenyewe inayomkanyaga Shangazi, na hakuwa na sauti nyingine.

"Shangazi! Jamani! Shangazi yangu!"

"SHANGAZI YANGU!"

Ndipo dramu zikakatika.

Nyundo alikuwa amefumbua macho. Fimbo zilikuwa bado hewani. Ukelele ule aliujua. Aliwahi kuusikia mara moja tu, jioni ya mbao, na tangu siku hiyo, katika nyimbo zote, hakuwahi kuusikia tena. Hakuuliza kitu. Alifuata macho ya Kimya mpaka kwenye mduara, akatupa fimbo, akairuka dramu kubwa, akajitupa chini katikati ya watu.

"Simameni! Kuna mtu chini! Mwinueni!"

Gitaa likanyamaza. Besi ikanyamaza. Sauti ya Nyundo, isiyo na chombo, ilisikika ndogo sana. Lakini mtu mmoja karibu naye, wa zamani, wa karakana, alikumbuka. "Mwinueni!" akaitikia. "Mwinueni!" mwingine akasema nyuma yake, na neno likasafiri mpaka ngazini. Watu wakasimama. Wakainama.

Kimya alihesabu pumzi zake, akapotea, akaanza upya.

Kisha, taratibu, kutoka chini ya vichwa vile, Shangazi akapanda. Alipanda amelala chali juu ya viganja vya watu, na viganja vikampokeza kwa viganja vingine, kwa upole, kama wanaopitisha mtungi uliojaa. Mikono yake miwili ilikuwa imeshikilia gauni magotini. Heshima yake haikumtoka hata akiwa juu ya vichwa vya watu. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Mwingine ulikuwa mtupu.

Walimlaza ukingoni mwa jukwaa. Macho yalikuwa yamefumbwa.

Kimya alipiga magoti. Hakuweza kusema. Akafanya kitu pekee alichokijua, akaweka mkono chini ya pua ya Shangazi na kusubiri.

"Napumua," alisema Shangazi bila kufumbua macho. "Toa mkono, unanuka kutu."

Kimya alimwangukia kifuani. Alilia kwa sauti, ile ambayo hakuwa nayo utotoni, na Shangazi akamwacha alie, akimpigapiga mgongoni.

"Umeumia wapi? Shangazi, umeumia wapi?"

"Kiwiko. Na nyonga kidogo. Mtu kanikanyaga, kisha kaniomba radhi, kisha kanikanyaga tena." Akajaribu kukaa. "Wale wanasemaje?"

Maana ukumbini, nyuma kabisa, ambako hawakuona lolote, watu walikuwa wameanza tena, kwa matumaini: "Shan-ga-zi! Shan-ga-zi!"

"Wanadhani ni wimbo."

"Wimbo!" Shangazi alifumbua macho wazi. "Mimi?"

Nyundo alikuwa amepanda jukwaani, shati limechanika begani, damu kidogo kwenye mdomo. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Usiniite shangazi. Ukumbi mzima umeshaniita, imetosha." Akamtazama kuanzia maranda ya kichwani hadi viatuni. "Marahaba. Ndiye wewe unayepiga huku umelala?"

"Ndiye mimi, mama."

"Umenionaje na umefumba macho?"

"Sikukuona. Nilimsikia yeye."

"Kila mtu humu kamsikia yeye. Wakafurahi."

"Wao walisikia neno," alisema Nyundo. "Mimi nilisikia kwamba anaogopa."

Shangazi alichukua futi yake, iliyokuwa imemzunguka mkononi ikiwa na alama za viatu, akaanza kuikunja polepole, kama afanyavyo jioni anapofunga kazi. Kimya alimjua. Shangazi alipokunja futi hivyo, alikuwa akipima kitu kisichopimika.

"Unampenda huyu?" alimuuliza Nyundo, bila kuinua macho.

"Ninampenda, mama. Tangu siku ya mbao. Jumanne kuna safari ya miji mitatu, lakini akisema nisiende, siendi."

"Sijakuuliza habari za miji." Akamgeukia Kimya. "Na wewe. Mimi nilikuwa na pini, nikashindwa kukuita. Nusura nizimeze. Wewe huna pini mdomoni. Sema."

Ukumbi wote ulikuwa ukitazama. Kimya hakuwa na barakoa. Alihisi hewa ya kila pumzi ya watu wale usoni mwake. Moyo ulimpiga kama unataka kutoka utangulie nyumbani.

"Ninampenda, Shangazi," alisema. Ilikuwa sauti yake ya kawaida, ile ya mbu, lakini maikrofoni ilikuwa imelala karibu na goti lake, ikaichukua na kuipeleka mpaka kwenye ngazi. "Na ninaogopa."

Hakuna aliyerudisha neno.

"Mmh," alisema Shangazi. Akampa Kimya mkono amwinue. Alisimama kwa mguu mmoja, ameegemea bega la mtoto aliyemlea. "Twende nyumbani. Nimemwacha mtu na gauni nusu."

"Na safari?" Msumari alithubutu kuuliza kutoka kwenye kona yake. Jokofu akampiga kiwiko.

Shangazi hakumjibu. Alimtazama Nyundo.

"Kiatu changu kimebaki humo ndani. Cha kushoto. Ukitafute. Ukikipata, ukilete nyumbani kesho mchana, siyo jioni. Upige hodi mlangoni kama mtu, ungoje uambiwe karibu. Kuanzia hapo tutaongea, miji na mengine." Akaanza kuchechemea kuelekea mlango wa stoo. "Na wewe mwanangu, barakoa yako ilete. Umeivuta ovyo, pindo litakuwa limelegea. Sitaki watu waseme ni kazi yangu."

Mlangoni, Kimya aligeuka. Kile kipande cha maranda kilikuwa bado kiganjani, kimelowa jasho. Chini kule, Nyundo alikuwa ametambaa kwa magoti kati ya miguu ya watu, macho yamefumbuka kuliko alivyowahi kuyaona, akiinua kila kiatu, akikirudisha, akisonga mbele. Watu walikuwa wameanza kuinama pamoja naye.

Kimya aliogopa kiatu kisipatikane. Kisha akaogopa, zaidi, kwamba kitapatikana.